Mdogo Wangu, Pengo la Pesa Linazibika

Wadogo zangu, vuteni viti tuongee. Leo nina swali ambalo limenifikia kwa sura nyingi kutoka kwenu mlio Rodi Kopany, Ndhiwa, Rongo na Migori mjini, na safari hii nitalijibu kwa marefu na mapana, maana naona linawanyima wengi wenu usingizi.

Aliyeuliza ni muuguzi, kazi yake ya kudumu, mshahara unaingia benki kila mwezi. Babake ni mwalimu mkuu mstaafu, na nyumba yao ni ile ya mabati ya rangi na tangi la maji pembeni. Mwanamume anayempenda anaendesha boda boda stendi ya Rodi. Shule aliiachia kidato cha pili karo ilipokosekana, na mamake anauza omena na njugu karanga sokoni. Wazazi wa binti wamekwisha kutoa hukumu: huyo si wa kiwango chako. Naye anauliza: “Dada, je, mapenzi yetu yanatosha kuvuka hili?”

Nyamera, yaani dada yangu, nakujibu bila kuzunguka mbuyu. Mapenzi peke yake hayatoshi. Lakini usikimbilie kumwacha kwa sababu ya jibu hilo, kwa kuwa pesa peke yake nayo haitoshi, na wapo walioana kiwango kwa kiwango ambao leo hawasemezani. Kinachowavusha wawili wa tabaka tofauti ni heshima, tena heshima ya kila siku inayoonekana kwa macho na kuhesabika kwa vitendo. Pengo la pesa linazibika. Pengo la dharau sijawahi kuliona likizibwa.

Kwanza tuulizane, hilo tabaka lenyewe kwetu ni nini? Simama njia panda ya Rodi siku ya soko uwatazame watu. Kuna anayeshuka kwenye gari kubwa akielekea Homa Bay, kuna dereva wa trekta la miwa kutoka Ndhiwa, kuna mwalimu aliyefuata nyanya za bei nafuu, kuna mama aliyetandaza gunia chini akapanga omena mafungu mafungu. Ukichunguza utakuta yule wa gari na yule wa gunia ni watu wa ukoo mmoja, pengine watoto wa babu mmoja. Kwetu hatuna mitaa ya mabwanyenye iliyozungushiwa ukuta, walalahoi wakabaki ng’ambo. Boma moja lina nyumba ya ghorofa na nyumba ya udongo, na tofauti ya wenye nyumba hizo ni kwamba mmoja alilipiwa karo na mwingine akabaki nyumbani kuchunga ng’ombe. Kwa hiyo mzazi anayemcheka kijana wa boda boda anamcheka na mpwa wake mwenyewe. Hilo ndilo jambo la kwanza nawaomba mlikumbuke mnapotamka neno kiwango.

Hata hivyo sitawadanganya kwamba tofauti haipo. Ipo, na inauma. Waarabu wa Pemba hujuana kwa vilemba, na watu waliolelewa namna moja huelewana kwa mambo mengi bila kusemezana. Anayelipwa kila mwezi na anayelipwa kila jioni hawaitazami noti ya elfu moja kwa jicho moja. Yule wa boda boda akifika jioni huondoa ya mafuta, ya mwenye pikipiki na ya chama, kinachobaki ndicho cha unga. Kesho ikinyesha mvua hakuna kitu. Kwake akiba ya miezi mitatu ni ndoto, na pesa iliyo mkononi ina kazi tayari. Wewe wa mshahara utamwona hajui kupanga. Yeye atakuona mchoyo uliyelaza pesa benki wakati mtoto wa dadake amefukuzwa shule. Hapo hakuna mbaya. Kila mmoja anafanya hesabu aliyofundishwa na maisha yake, na msipoambizana mapema, mtagombana kila mwisho wa mwezi mkidhani mmeacha kupendana.

Sasa niwape mifano ya watu mnaowajua kwa majina.

Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga hapa hapa Homa Bay, alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilimambogo, ambako babake alikuwa mfanyakazi. Alisomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa Nairobi, kisha akazama katika vyama vya wafanyakazi. Pamela Odede alikuwa binti wa Walter Odede, msomi na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, aliyeshika uongozi wa chama cha KAU baada ya Kenyatta kukamatwa mwaka 1952, naye akatiwa kizuizini mwaka uliofuata. Pamela alikwenda kusoma Marekani kwa mpango wa ndege za wanafunzi ulioanza 1959, mpango ambao Mboya aliupigania kwa jasho. Wakaoana Januari 1962.

Ukihesabu walikozaliwa, pengo lilikuwepo: mtoto wa mfanyakazi wa shamba la mkonge na binti wa mheshimiwa. Lakini tazama walivyokutana. Mboya hakuingia katika ndoa ile ili imwinue. Alikuwa amekwisha kujijengea jina kwa kazi yake. Pamela naye hakuwa pambo la mezani. Mume wake alipouawa Julai 1969 alibaki na watoto wadogo, akawalea, na baadaye akaiwakilisha Kenya katika shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi. Walikutana katika elimu na katika ndoto ya nchi moja. Somo ninalolichukua mimi ni hili: usiulize tu mwenzako katoka wapi, uliza anaelekea wapi na kama safari yenu ni moja.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Wambui Waiyaki, kitukuu wa Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu, aliolewa mwaka 1963 na wakili S.M. Otieno, Mjaluo wa ukoo wa Umira Kager kutoka Nyalgunga, Siaya. Waliishi Nairobi maisha ya wasomi zaidi ya miaka ishirini, wakazaa, wakalea. Mapenzi hayakuwakosa. Otieno alipofariki tarehe 20 Desemba 1986, ndipo nchi nzima ilipoona kilichokuwa hakijazungumzwa. Mjane alitaka azikwe Matasia, Ngong, akisema mumewe alikuwa mtu wa maisha ya kisasa. Ukoo ulishikilia kwamba Nairobi mtu ana nyumba tu, boma lake liko kwa baba zake. Kila upande ulidai marehemu alisema azikwe kwake. Kesi ikavutwa takriban miezi mitano maiti ikiwa mochari, ukoo ukashinda, na Mei 1987 Otieno akazikwa Nyalgunga bila mjane wake kuhudhuria.

Watu huikumbuka kesi ile kama vita vya makabila. Kabila lilikuwemo, lakini soma tena kwa jicho la leo. Kulikuwa na mvutano kati ya maisha ya mjini ya wenye nacho na maisha ya kijijini ya waliobaki nyumbani. Ndugu walihisi mtu wao alichukuliwa na mji. Mjane alihisi wasiomjua mumewe wanakuja kumnyang’anya. Wewe muuguzi na mwenzako wa boda boda mnaweza kuwa Wajaluo wote wawili, wa kata moja, na bado yakawafika hayo hayo, ikiwa mtajifungia ndani na mapenzi yenu mkaacha pande mbili za ndoa zisijuane.

Wambui huyo huyo, mwaka 2003, akiwa na miaka 67, aliolewa na Peter Mbugua, fundi wa mawe, kijana wa miaka ya ishirini. Kelele zilizopigwa Kenya hii mnazikumbuka au mmesimuliwa. Niwaulize: ni wazee wangapi matajiri wameoa wasichana masikini wa umri wa wajukuu zao na hakuna gazeti lililoandika? Mwanamume akishuka chini kuoa tunasema amemwokoa msichana. Mwanamke akifanya hivyo tunasema amerogwa, na mume tunasema amekaliwa chapati. Wambui na Mbugua waliishi mke na mume hadi Wambui alipofariki Agosti 2011. Mimi siwapigii debe muwaige, ila najua kelele za watu peke yake haziui ndoa. Kinachoiua kiko ndani ya nyumba.

Basi tuingie ndani ya nyumba. Dharau haiji na tarumbeta. Niliwahi kukaa katika ziara ya kuwaona wazazi, upande wa kijana ni watu wa mkono mfupi. Mamake alikuja na kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu na mfuko wa njugu alizozichambua mwenyewe. Akapokelewa kwa tabasamu, akaonyeshwa kiti. Kuku akaachwa varandani. Wageni wakala nyama ya kununua, wakanywa soda, wakaomba, wakaagana. Yule mama alipotoka alimkuta kuku wake pale pale, amefungwa vile vile, na njugu hazijafunguliwa. Hakusema neno. Alifunga leso yake vizuri, akashukuru, akaondoka. Ndoa ile ilifungwa, lakini hadi leo mama huyo haendi kwa mwanawe mpaka kuwe na msiba.

Binti angefanya nini? Angemchukua kuku kwa mikono miwili, akamshukuru mama mbele ya wote, akaagiza achinjwe, aliwe na wageni siku ile ile. Njugu zingemiminwa kwenye sinia zikawekwa mezani karibu na soda. Hilo halina gharama hata ya shilingi. Heshima si utumwa, nyamera, na mkwe masikini hasahau alivyopokelewa mara ya kwanza.

Dharau nyingine ni ndogo zaidi. Kumrekebisha mumeo Kiingereza mbele ya wenzako wa kazi. Kumwambia “hayo mambo ya kwenu” kila anapotaja mila. Kulipa bili hotelini huku ukihakikisha meza ya jirani imeona. Kuwakataza watoto kwenda kwa nyanya kwa sababu choo ni cha shimo. Kila moja ukiitazama peke yake utasema ni jambo dogo. Zikikusanyika miaka mitano, mwanamume anaanza kuchelewa kurudi, na wewe unauliza umekosea wapi.

Sasa, kabla hamjapeleka ayie, kaeni chini muyamalize mazungumzo matatu. Nasema kabla, maana mama wa binti akishapokea ile pesa ya kukubali na ng’ombe wakaanza kuhesabiwa, kila mtu atakuwa na haya ya kuuliza.

La kwanza ni pesa. Msichange sawa kwa sawa, changeni kwa kadiri ya kipato. Tuseme wewe unapata shilingi 45,000 kwa mwezi na yeye akijumlisha siku zake anapata 15,000. Kila mmoja akitoa theluthi moja, wewe utatoa 15,000 na yeye 5,000. Hapo kila mmoja ametoa kwa uzito ule ule, na hakuna wa kumwambia mwenzake “mimi ndiye ninayelisha nyumba hii.” Yeye anayelipwa kila siku aweke yake kidogo kidogo kila jioni, asingoje mwisho wa mwezi. Mkono mtupu haulambwi, na mwanamume anayejua kwamba mchango wake unahesabika hana sababu ya kuuficha.

La pili ni watu wenu. Wewe una wadogo wanaosoma, yeye ana mama na watoto wa dadake. Tengeni fungu la pande zote mbili, lijulikane kiasi, na atakayeombwa zaidi ya hapo aje muulizane. Siri ya pesa iliyotumwa usiku kwa simu imevunja nyumba nyingi kuliko hawara. Na mkiwa matangani, pale majina ya waliochanga yanaposomwa kwa kipaza sauti, mchango wenu usomwe kwa majina ya wawili, hata kama umetoka mfuko mmoja.

La tatu ni boma. Mtajenga wapi, kwa jina la nani, na mmoja wenu akitangulia atalazwa wapi? Najua hamtaki kusikia habari za kaburi mkiwa kwenye uchumba. Otieno na Wambui walikuwa watu wenye akili kuliko wengi wetu, na swali hilo likawashinda. Ninyi lijibuni mkiwa hai, na wazee wa pande zote wasikie jibu lenu. Kumbukeni pia kwamba kwa mila yetu siku ya goyo dala, yaani kuanzisha boma, pesa ya mke haiwezi kuweka boma bila mume, na mume hawezi kuliweka bila mke wake. Mila hiyo inawahitaji wote wawili, mwenye mshahara na asiye nao.

Na sheria je? Ijueni, isije ikawa mnaogopa vitu ambavyo havipo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila, na inasema pale mahari inapotakiwa kuthibitisha ndoa, ishara ya mahari inatosha. Kwa hiyo mzazi anayedai kundi zima la ng’ombe kwa mkupuo ili kijana wa boda boda akate tamaa, asijifiche nyuma ya sheria. Mkishaoana kimila, sajilini ndoa mpate cheti. Katiba, ibara ya 45, inawapa mume na mke haki sawa wanapooana, wakiwa ndani ya ndoa na ikivunjika. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inahesabu pia mchango usio wa pesa: kazi za nyumbani, kulea watoto, kulima, kusimamia biashara ya familia. Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba mgao wa nusu kwa nusu hauji wenyewe; kila mmoja huonyesha mchango wake. Maana yake ni kwamba aliyeingia ndoani bila kitu hatoki mikono mitupu ikiwa alifanya kazi, na aliyeingia na mali yake halazimiki kuishi na hofu ya kuporwa. Tena Sheria hiyo ya Mali ya Wanandoa inawaruhusu wachumba kuandikiana mapatano kuhusu mali kabla ya ndoa. Kuandikiana si uchawi.

Neno kwenu ndugu zangu wanaume. Omera, ukimpenda mwanamke aliyekuzidi mshahara, usimwadhibu kwa mshahara wake. Wapo wanaoanza kumzuia mke kwenda kazini, au kuchukua kadi yake ya benki, au kupiga ngumi mezani ili ijulikane nani mwenye nyumba. Hayo ni woga, na mke anauona. Simamia ulicho nacho: kazi yako, neno lako, watoto wako, mama yako. Mwanamume anayemchukua mtoto shuleni kwa pikipiki yake kila jioni hadaiwi uanaume na mtu yeyote.

Neno kwenu wazazi. Nawaelewa. Mliuza ng’ombe kumsomesha, mnaogopa asirudi kwenye ufukara mlioukimbia. Hofu hiyo ni ya mapenzi. Lakini mchunguzeni kijana kwa maswali yanayofaa. Anakunywa? Anapiga? Ana deni gani? Anamtunzaje mamake? Akikosa huomba radhi? Akipita hapo, umaskini wake msiufanye kosa. Na akianguka hapo, hata angekuwa na shamba la miwa kuanzia Ndhiwa hadi Awendo, mkatalieni bila kupepesa macho.

Na ninyi mnaoniandikia kuhusu mwanamume wa gari kubwa anayelipa kodi ya nyumba na kukununulia simu, lakini hataki umjue hata binamu yake, msijumuishe habari zenu na hizi. Huyo ni sponsa. Anayekupenda akiwa juu yako atakuonyesha kwa watu wake mchana. Anayekuficha amekwisha kukueleza kiwango anachokupa.

Sasa narudi kwako, muuguzi wangu. Usimwache kwa sababu ya pikipiki, wala usimshike kwa sababu ya machozi. Mwambie akupeleke kwa mamake, ulale huko, upike kwenye jiko la kuni, umsikilize akiongea na wadogo zake. Kisha mlete kwenu siku ya kawaida, si ya sherehe, uone anavyoketi mbele ya babako, anavyojibu anapoulizwa kwa ukali. Mkiyamaliza yale mazungumzo matatu bila mmoja kumdhalilisha mwenzake, olewa naye, na mimi nitakuwa wa kwanza kukupigia vigelegele. Mkishindwa hata moja, subiri. Ndoa inayongoja mwaka mmoja haiharibiki.

Na ukishaolewa, siku ukisikia kinywa chako kikimwambia “bila mimi ungekuwa wapi,” omba msamaha usiku huo huo, usingoje kupambazuke.